Kujifunza Ndege Upya katika Msitu wa Arabuko-Sokoke

Mtu anayejifunza kutazama ndege akiwa Nairobi hudekezwa na mji wenyewe. Makorongo wenye vipara hujipanga juu ya migunga karibu na Uwanja wa Nyayo bila kujali honi za matatu, mwewe hushuka viwanjani mwa shule na kunyakua andazi mkononi mwa mtoto, na kwarara hupita juu ya mabati alfajiri wakipiga kelele ambazo hakuna mpangaji asiyezijua. Anayetaka zaidi huingia katika Mbuga ya Taifa ya Nairobi, ambako zaidi ya aina 400 za ndege zimeorodheshwa, akakaa ndani ya gari, akateremsha kioo na kuona mbuni na karani tamba kwenye uwanda mmoja ulio wazi. Miaka niliyotazama ndege kwa namna hiyo ilinifundisha mengi kuhusu manyoya, midomo na rangi za miguu. Kuhusu mahali anapoishi ndege, na sababu ya kuishi hapo na si hatua mia mbili kando, sikuwa nimejifunza jambo la maana mpaka nilipotembezwa katika Msitu wa Arabuko-Sokoke huko Kilifi.

Tulisafiri kundi dogo la watu tuliofahamiana katika matembezi ya Jumatano asubuhi yanayoanzia Makumbusho ya Taifa, matembezi yanayoandaliwa na Nature Kenya, chama ambacho asili yake ni jumuiya ya elimu ya viumbe iliyoundwa mwaka 1909. Ulikuwa mwezi wa Julai, wakati ambao Nairobi hujifunika wingu la kijivu tangu asubuhi na watu huvaa makoti ofisini, ilhali pwani upepo wa kusi unavuma na joto linavumilika. Safari ya treni hadi Mombasa na gari hadi Gede haina la kusimuliwa.

Msitu wenyewe unalala kati ya Kilifi na Malindi, na ndicho kipande kikubwa zaidi kilichosalia cha msitu mkavu wa pwani ya Afrika Mashariki, takriban kilomita za mraba 420. Ulitangazwa kuwa msitu wa serikali mwaka 1932, mwaka uleule ambao Karura yetu ya Nairobi ilitangazwa. Ukanda wa misitu ya aina hii ulikuwa umeenea kutoka kusini mwa Somalia hadi Msumbiji, lakini umekatwakatwa kwa mashamba na makazi hata vipande vingi vilivyobaki ni vidogo mno, na baadhi ya vile vya Kenya vimesalimika kwa sababu ni kaya za Wamijikenda, yaani misitu yao mitakatifu, ambamo wazee hawakuruhusu shoka. Ndege waliozoea msitu huo hawakuwa na pa kuhamia. Ndiyo maana wapo ndege sita, walio hatarini duniani au waliowahi kuhesabiwa hivyo, ambao mtu anaweza kuwatafuta wote ndani ya Arabuko-Sokoke, na ndiyo maana watazamaji hutoka Ulaya na Marekani kuja kutembea kwenye njia za mchanga ambazo Wakenya wengi huzipita kwa basi wakielekea Malindi.

Mwongozaji wetu alikuwa mzee wa Kigiriama aliyekulia kijiji kilichopakana na msitu. Tulimwamkia, akatuitikia, akatuuliza tumelalaje, kisha akatuambia kwamba tusitoe darubini kwanza. Alichutama, akateka mchanga kwa kiganja na kutuonyesha. Pale tulipokuwa, upande wa mashariki ulio karibu na bahari, udongo ulikuwa wa kijivu. Alisema kwamba tukienda mbele kidogo tutakuta mchanga mweupe, na tukifika upande wa magharibi tutakanyaga udongo mwekundu, na kwamba kila udongo una miti yake na kila miti ina ndege wake. Udongo wa kijivu hupata mvua zaidi na hubeba msitu mchanganyiko wa mibambakofi, mitandarusi na miti mingine mingi iliyosongamana. Mchanga mweupe ni makao ya mrihi, mti unaosimama kwa nafasi hata jua likafika chini. Udongo mwekundu ni wa mfunda, vichaka vikavu vilivyoshikana ambavyo mtu hupita akiwa ameinama. Baada ya maelezo hayo alituuliza ni ndege gani tunaotaka kuwaona, na tulipowataja alitugawia kana kwamba anapeleka barua: huyu yuko kwenye kijivu, huyu kwenye cheupe, yule msimtafute mpaka tufike kwenye chekundu.

Nakiri kwamba mwanzoni nilidhani anarahisisha mambo kwa ajili ya wageni, kwa kuwa ndege ana mabawa na msitu hauna kuta. Nilichokiona baadaye kilimpa haki.

Katika msitu mchanganyiko hatukuona karibu kitu kwa muda mrefu, na hapo ndipo wale waliozoea uwanda hukata tamaa. Miti mikongwe hufunga anga, majani hukata mwanga vipande vipande, na ndege mdogo anayekaa juu ya mbambakofi huonekana kwa nukta moja kisha akawa jani. Mwongozaji alitembea taratibu, akisimama mara kwa mara bila kuinua macho. Alikuwa anasikiliza chini. Aliponyoosha kidole nilitegemea bawa, lakini kilichotokea ni sange mwenye kiuno cha dhahabu, mnyama mdogo mwenye pua ndefu inayopindapinda na miguu myembamba, ambaye hupatikana katika misitu ya pwani ya Kenya peke yake. Alikuwa akifukua majani makavu kutafuta wadudu. Nyuma yake, kwa umbali wa hatua chache, alirukaruka kurumbiza mwenye kifua cha rangi ya chungwa, akiokota wadudu waliofurushwa na sange. Mzee alieleza kwamba yeye akisikia mchakacho wa sange husubiri, kwa kuwa mara nyingi kurumbiza yumo njiani, na kwamba mtu anayemtafuta kurumbiza kwa kuangalia matawini atachoka bure.

Kurumbiza huyo huyo alitupa somo la pili bila kukusudia. Tuliposikia sauti ambayo mwenzetu mmoja aliitambua kuwa ya tai, sote tuliinua vichwa. Mwongozaji hakuinua chake. Kurumbiza ni mwigaji hodari anayeweza kuunganisha milio ya ndege wengine katika wimbo mmoja, na mzee alikuwa amesikia, mwishoni mwa mlio wa tai, mkato mdogo ambao tai hana. Nimetumia miaka nikiamini kwamba sikio ni msaidizi wa jicho. Pale sikio lilikuwa ndilo bwana, na hata lenyewe lilihitaji kuhojiwa.

Kwenye eneo hilo la udongo wa kijivu tulimpata pia ndege ambaye nilimtamani zaidi kuliko nilivyotarajia, kwa sababu hana uzuri wowote wa kusifiwa. Ni yule mdogo wa kahawia mwenye michirizi kifuani anayebeba jina la Sokoke (kwa Kiingereza Sokoke pipit), jamaa wa ndege wanaotembea kwenye nyasi za uwanja wowote wa mpira nchini. Jamaa zake karibu wote ni ndege wa mahali pa wazi. Yeye peke yake ameamua, ikiwa naweza kutumia neno hilo, kutembea juu ya majani yaliyoanguka chini ya miti mikubwa, na akishtuliwa huruka kwenye tawi la chini na kutulia. Akiondolewa majani makavu na kivuli cha miti mikongwe, hana kazi nyingine ya kufanya duniani. Nilimtazama akipiga hatua zake fupi, nikaanza kuelewa kwa nini mzee alianza na udongo.

Tulipoingia kwenye mirihi mabadiliko yalikuwa ya ghafla kiasi cha mtu kuweza kuyachorea mstari ardhini. Mchanga ukawa mweupe, mwanga ukafunguka, na sauti zikapanda juu vileleni. Huko ndege hawakai mmoja mmoja. Husafiri kwa misafara. Unaweza kutembea nusu saa katika ukimya mtupu, kisha mti mmoja ukajaa ndege wa aina nyingi kwa pamoja: mbwigu wenye macho ya manjano wakipekua magome, kigogota akigonga nyuma yao, chozi wa Amani na tumbo lake jeupe kwenye ncha za matawi, mramba mweusi akikaa kando kama mlinzi na kunyakua kinachotoroka. Dakika chache baadaye msafara umekwisha kupita. Sababu yake si siri: macho mengi humwona kipanga mapema, na wadudu wanaokimbia mdomo mmoja huangukia mwingine. Kwetu sisi jambo la kujifunza lilikuwa la nidhamu. Mwongozaji alitukataza kukimbilia msafara. Alikuwa ametazama upande wanaoelekea, akatuzungusha kwa njia nyingine na kutusimamisha chini ya mti ambao ndege walikuwa hawajaufikia, na baada ya muda walitujia wenyewe, juu ya vichwa vyetu, bila kujali kwamba tupo. Huko Nairobi nimeona, na nimeshiriki, mbio za watu kumi na wawili wenye darubini wakimfuata ndege mmoja aliyeogopa.

Bundi mdogo wa Sokoke anastahili aya yake. Elimu ya sayansi ilimwandika kwa mara ya kwanza mwaka 1966, jambo linaloshangaza kwa ndege anayeishi jirani na barabara kuu na magofu ya Gede ambayo watalii wamekuwa wakiyatembelea kwa miongo mingi. Kwa zaidi ya miaka 20 ilidhaniwa hayupo kwingine kokote, mpaka mwaka 1992 alipogunduliwa pia katika misitu ya chini ya milima ya Usambara Mashariki, Tanzania. Ni mfupi kuliko kiganja na vidole vya mtu mzima, na rangi yake haina msimamo: wako wa kijivu, wako wa kahawia, wako wenye wekundu wa udongo wa mfunda. Mchana hulala kwenye vichaka hivyo, mara nyingi wawili wakiwa wamegandana bega kwa bega, kwenye urefu ambao mtu angeweza kuwagusa.

Tulipofika kwenye udongo mwekundu, mzee alituacha njiani na kuingia vichakani peke yake. Tulikaa kimya kwa muda ambao mmoja wetu aliuona mrefu, naye akatoa simu yake na kusema kwamba anayo sauti ya bundi huyo, tuipige, atajibu. Jambo hilo ni la kawaida sana siku hizi. Kila mwenye simu ana maktaba ya milio mfukoni. Mwongozaji alirudi kabla simu haijatoa sauti, akaikuta mkononi, na akaomba kwa upole irudishwe mfukoni. Hakuhubiri. Alieleza kwamba bundi akisikia mlio wa mwenziwe asiyemjua huamini kwamba amevamiwa, huacha kulala au kuwinda, hutafuta adui asiyekuwepo, na huweza kujionyesha kwa wale wanaomla. Mgeni mmoja akifanya hivyo mara moja hasara ni ndogo. Lakini bundi wale hawana mgeni mmoja. Kila kundi linalofika msituni linawataka wao, na sauti ileile ikipigwa kila wiki katika vichaka vilevile, wenyeji watavihama. Kisha akaongeza neno ambalo lilinigusa zaidi kuliko hoja ya kisayansi: kwamba yeye anawapata kwa kujua wanalala wapi, na wakihamishwa ujuzi wake wa miaka yote utakuwa umeharibiwa kwa kidole cha mtu mmoja.

Tuliingia mmoja mmoja, tukiinama, bila kumulika wala kupiga picha kwa mwanga. Niliwaona wawili, mmoja wa kahawia na mwingine mwekundu zaidi, macho nusu yamefumbwa. Nilipewa muda wa kutosha kuona kwamba manyoya yao yamechorwa kwa mistari ya gome lilelile walilokuwa wameliegemea, kisha nikatoka nipishe mwingine.

Matembezi hayo hayakuwa ya ndege tu, ingawa ndege ndio tuliowalipia. Njiani tulipita visiki vingi. Vingine ni vya zamani, vya enzi ambazo mbambakofi ulitoa milango ya nyumba za pwani na mtandarusi ulitoa sandarusi iliyosafirishwa ng'ambo kutengenezea vanishi. Vingine ni vipya, na mwongozaji hakuficha kwamba muhuhu bado unakatwa kwa siri kwa ajili ya vinyago, na kwamba mitego ya waya huwekwa kwa ajili ya paa. Hakuwasema vibaya wanaofanya hivyo. Alikuwa anawajua, na alijua pia mwaka ambao mahindi yao yalikauka. Katika pembe hiyo msitu unalindwa kwa bunduki za askari kwa kiasi fulani, lakini nadhani unalindwa zaidi na hesabu za nyumbani: tangu mwaka 1993 mradi wa Kipepeo ulioko Gede umekuwa ukinunua kwa wanakijiji pupa za vipepeo zinazouzwa nje ya nchi kwa nyumba za maonyesho, wapo wanaofuga nyuki, na wapo watoto wanaolipiwa karo kwa fedha za wageni wanaotembea kwenye daraja la mbao la mikoko ya Mida. Mwongozaji ni sehemu ya hesabu hizo. Niliona aibu kidogo kusikia baadhi ya watu wa Nairobi, wanaolipa bila kunung'unika bei ya kahawa ya Westlands, wakitaka ada ya mtu aliyejifunza kazi hii miaka mingi ipunguzwe kwa kuwa "anatembea tu". Kutembea ndiyo sehemu rahisi ya kazi yake.

Kuhusu matayarisho nitasema machache, kwa faida ya atakayependa kwenda. Nguo ziwe za kijani au kahawia, suruali ndefu iingizwe ndani ya soksi kwa ajili ya kupe, na maji yawe mengi kuliko unavyodhani, kwa sababu kwenye mfunda hakuna upepo. Darubini ya kukuza mara nane inafaa kuliko ya mara kumi, maana ndani ya msitu unahitaji upana na mwanga kuliko ukaribu. Msituni wamo ndovu, nao hawaonekani mpaka wawe karibu sana, kwa hiyo mwongozaji akisimama kukagua kinyesi na kugeuza njia, mfuate bila mjadala.

Niliporudi nilianza kuitazama Karura kwa namna nyingine. Muhuhu, ule unaowindwa na wachongaji kule pwani, umo pia katika misitu ya Nairobi, Karura na ule wa Barabara ya Ngong, na nilikuwa nimeupita mara nyingi bila kuuliza jina lake. Sasa ninaposikia sauti ya shorobo, yule mwenye mabawa mekundu ambayo rangi yake imetengenezwa kwa madini ya shaba, nauliza kwanza yuko kwenye mti gani na kama una matunda. Shorobo wetu wa nyanda za juu si yule wa Arabuko-Sokoke. Ni aina mbili tofauti, kila mmoja na eneo lake, na zamani ningewaandika tu kama alama mbili kwenye orodha. Nimegundua pia kwamba upande wa Karura uliopandwa mikalitusi una ndege wachache kuliko upande wenye miti ya asili, jambo ambalo lingeonekana wazi kwa yeyote aliyejali kutazama miti. Katika matembezi ya Jumatano nimependekeza tuwe na saa moja ya kusimama mahali pamoja badala ya kufuata njia nzima. Wengine walikubali. Wengine wanasema wanakuja kufanya mazoezi ya miguu, nami siwezi kuwalaumu.

Ndege mmoja kati ya wale sita hatukumpata, na ndiye aliyenipa kazi inayoendelea. Ni kwera wa Kilifi, mwenye tumbo la manjano na, kwa dume, kichwa cheusi, ambaye anaishi Kilifi pekee, ndani ya Arabuko-Sokoke na katika msitu wa Dakatcha ulio kaskazini ya hapo. Aliandikwa mwaka 1913. Kwa miaka 100 hakuna mtaalamu aliyekuwa ameona kiota chake. Wengi walidhani anajenga juu ya mirihi, kwa kuwa huko ndiko alikoonekana akila. Mwaka 2013 viota vyake vilipatikana Dakatcha, si juu ya mti, bali kwenye mimea ya majini katika madimbwi yanayojaa mvua zikinyesha na kukauka zikikoma. Kwa hiyo ndege aliyehesabiwa kuwa wa msitu alikuwa anahitaji pia dimbwi, na dimbwi hilo liko kwenye ardhi ya watu wanaolima na kuchoma makaa, mbali na mpaka wowote uliochorwa ili kumlinda. Mwongozaji alitusimulia hayo tukiwa chini ya mirihi, tukitazama vilele ambavyo kwera hakuwemo, na akatupa nambari ya mwenzake wa Dakatcha. Nimekwisha kuzungumza naye. Amesema hawezi kututajia tarehe. Mvua za masika zikishuka vya kutosha na madimbwi yakishika maji, atapiga simu, na wenye nafasi wapande gari usiku huohuo.